Kutoka Herufi Moja hadi Sifa Mpya: Namna ya Kufuatilia Mutesheni Ndani ya Jenomu

Taarifa kwamba wanasayansi wamegundua mutesheni, yaani badiliko katika maandishi ya DNA, ya ugonjwa au sifa fulani hutufikia mara kwa mara, na aghalabu hutufikia ikiwa nusu: jeni hutajwa, ugonjwa hutajwa, lakini njia inayotoka kwenye jeni hadi kwenye mwili wa mtu haielezwi. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Umekusudiwa mwanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, mwalimu wa biolojia, na hata mzazi aliyepewa majibu ya vipimo vya vinasaba akabaki anaitazama karatasi bila kujua aanzie wapi. Unahitaji kalamu, karatasi, na jedwali la kodoni 64 (vikundi vya herufi tatutatu za DNA, kila kimoja kikionyesha asidi amino moja, yaani kiungo cha protini, au amri ya kusimama), ambalo limo katika vitabu vingi vya biolojia vya sekondari ya juu. Mwenye intaneti anaweza pia kuifungua ClinVar, hifadhidata ya mutesheni za binadamu na magonjwa yanayohusishwa nazo, ambayo haitozi ada.

Mfano mkuu utakuwa mutesheni ya selimundu. Nimeuchagua kwa sababu njia yake yote, kutoka herufi hadi maumivu ya mgonjwa, imechunguzwa kwa miongo mingi, na kwa sababu Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Mifano mingine itaingia pale ambapo selimundu haitoshi kueleza.

Anza kwa kuuliza mutesheni iko wapi

Jenomu ya binadamu, yaani maandishi yake yote ya DNA, ina takriban herufi bilioni 3 (za aina nne: A, C, G na T) katika kila seti ya kromosomu 23, na kila mtu ana seti mbili, moja ya mama na moja ya baba. Jeni zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini ni kama 20,000, lakini sehemu zake zinazosomwa kuwa protini hazifiki hata asilimia 2 ya herufi zote. Kila mtoto huzaliwa na mutesheni mpya kati ya 40 na 80 hivi ambazo wazazi wake hawakuwa nazo, na karibu zote hupita kimya maisha yake yote. Kwa hiyo kuwa na mutesheni si habari. Habari ni mahali ilipoangukia: ndani ya sehemu inayosomwa kuwa protini, kwenye eneo linaloamua jeni isomwe lini na katika tishu gani, au mahali ambapo hakuna kinachotegemea herufi hiyo.

Majibu ya maabara huonyesha mahali hapo kwa maandishi mafupi yanayotisha kuliko yanavyostahili. Ya selimundu huandikwa hivi: HBB, c.20A>T, p.Glu7Val. HBB ni jina la jeni, nayo iko kwenye kromosomu ya 11. Sehemu inayoanza na c inasema kwamba herufi ya 20 ya maelekezo ya protini, iliyopaswa kuwa A, imekuwa T. Sehemu inayoanza na p inaeleza matokeo kwenye protini: asidi amino ya 7, iliyokuwa asidi glutamiki, imekuwa valini. Vitabu vya zamani husema nafasi ya 6, navyo havikukosea, kwa kuwa asidi amino ya kwanza, methionini, huondolewa kabla protini haijakamilika, na waandishi wa awali walihesabu kilichobaki.

Isome kodoni kwa mkono wako

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayofundisha zaidi. Chukua karatasi na uandike mwanzo wa maelekezo ya jeni ya HBB, herufi tatutatu, kama seli inavyoyasoma:

ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT GCC

Kodoni ya saba ni GAG. Herufi moja katika kodoni hii inaweza kubadilika kwa njia tisa tu, maana kila nafasi ina herufi tatu nyingine zinazoweza kushika mahali pake. Ziandike zote tisa, kisha utafute kila moja kwenye jedwali.

Ukibadilisha herufi ya tatu kuwa A, unapata GAA, ambayo nayo ni asidi glutamiki. Protini inabaki ileile, na mtu mwenye badiliko hilo hatajua analo. Ukiibadilisha kuwa T au C, unapata asidi aspatiki, jamaa wa karibu wa asidi glutamiki, yenye chaji hasi vilevile. Ukibadilisha herufi ya kwanza kuwa C, unapata glutamini, na ikiwa A, unapata AAG, yaani lisini, yenye chaji chanya. Hiyo ya lisini ipo kweli duniani: ni hemoglobini C, inayopatikana hasa Afrika Magharibi. Ikiwa T, unapata TAG, ambayo ni amri ya kusimama, na protini inakatika kabla haijaanza kazi. Herufi ya kati ikiwa G unapata glisini. Ikiwa C unapata alanini, na hiyo nayo imeonekana kwa watu. Huitwa hemoglobini G-Makassar, na wenye nayo kwa kawaida hawana tatizo. Ikiwa T, unapata GTG, ambayo ni valini, na hapo ndipo palipo na selimundu.

Kodoni moja, herufi tatu, njia tisa. Na matokeo yanaanzia kimya kabisa hadi mnyororo unaokatika. Zoezi hili linatosha kumwonyesha mtu kwamba neno mutesheni halibebi ndani yake maana ya ugonjwa.

Sasa fanya jambo la pili kwenye karatasi hiyohiyo. Badala ya kubadilisha ile A ya kodoni ya saba, ifute, kisha uzipange upya herufi zinazofuata tatutatu. Baada ya CCT utapata GGG, AGA, AGT, CTG, na kuendelea. Kila kodoni iliyofuata imevurugika, kwa sababu seli haina alama ya kuonyesha neno linaanzia wapi. Inahesabu tu kutoka mwanzo. Ukiendelea kuandika kwa kutumia mfuatano kamili wa jeni, utaikuta TGA, amri ya kusimama, kwenye kodoni ya 19, ilhali mnyororo wa beta wa kawaida una asidi amino 146. Ufutaji huu nao si wa kufikirika. Unajulikana kwa watu wa nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania na husababisha beta thalasemia, ugonjwa ambao mnyororo wa beta hautengenezwi au hutengenezwa kidogo mno. Herufi ileile ya 20 ikibadilika kuwa T huleta ugonjwa mmoja, ikifutika huleta mwingine.

Fuata protini hadi kwenye mwili

Jedwali la kodoni linakwambia asidi amino gani imeingia, lakini halikwambii imefanya nini. Kwa hilo inabidi ujue asidi hiyo imekaa sehemu gani ya protini na ina tabia gani.

Hemoglobini ni minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na nafasi tunayoizungumzia iko upande wa nje, panapogusana na maji ya ndani ya seli. Asidi glutamiki ina chaji na hukaa vizuri na maji. Valini haina chaji na huyakwepa maji. Hemoglobini inapoachia oksijeni, umbo lake hugeuka kidogo na kuacha kishimo kwenye molekuli ya jirani, nacho kinaitosha valini hiyo kabisa. Molekuli moja hujishikiza kwa nyingine, ya pili kwa ya tatu, mpaka nyuzi ndefu ngumu zinajaa ndani ya seli nyekundu na kuikunja kuwa na umbo la mundu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa husafiri kwa namna tofauti katika uga wa umeme, ishara kwamba chaji yake si ile ya kawaida. Katikati ya miaka ya 1950 Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yenyewe ni asidi amino moja tu.

Kuanzia hapo hesabu kila kinachofuata. Seli ngumu huziba mishipa midogo, na hayo ndiyo maumivu makali. Seli hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya siku 120, na huo ndio upungufu wa damu na macho ya njano. Bandama huharibika mapema utotoni, ndipo mtoto anaposhindwa kupambana na baadhi ya bakteria. Mshipa wa ubongo ukiziba, ni kiharusi. Mtu anayeorodhesha dalili hizi bila kuzifuatilia huona magonjwa manne au matano. Aliyeanzia kwenye kishimo kile huona jambo moja lenye matawi. Lisini ya hemoglobini C haikitoshi kishimo hicho, ndiyo maana hali yake ni nyepesi zaidi.

Mutesheni isipogusa protini yoyote

Nikiri kwamba hii ndiyo sehemu inayonivutia kuliko zote, kwa sababu hapa jedwali la kodoni halisaidii chochote, na hapa ndipo sifa mpya nyingi zinapozaliwa.

Watoto wachanga wote wana kimeng'enya cha laktasi, kinachovunja sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani, jeni yake, LCT iliyo kwenye kromosomu ya 2, hupunguzwa kazi baada ya utoto, na mtu mzima akinywa maziwa mengi mabichi tumbo hujaa gesi na kuharisha. Lakini kuna watu wazima wanaoendelea kuyameng'enya bila shida. Laktasi yao ni ileile, haina asidi amino iliyobadilika. Kilichobadilika ni herufi moja iliyo takriban herufi 14,000 kabla ya jeni ya LCT, ndani ya jeni jirani iitwayo MCM6, katika kipande ambacho hakisomwi kuwa protini kabisa. Kipande hicho hushikwa na protini zinazoamua LCT iendelee kusomwa au inyamazishwe. Kwa watu wa Ulaya badiliko la kawaida ni C kuwa T katika nafasi ya -13910, yaani herufi 13,910 kabla ya mwanzo wa jeni. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Sarah Tishkoff ilichapisha matokeo kutoka Tanzania, Kenya na Sudan yaliyoonyesha badiliko tofauti kabisa, G kuwa C katika nafasi ya -14010, lililoenea kwa jamii za wafugaji wa Tanzania na Kenya. Huko Uarabuni kuna jingine tena, katika nafasi ya -13915. Ajali tofauti za herufi, katika mabara tofauti, zimefikisha watu kwenye sifa moja.

Kwa hiyo ukikuta mutesheni iliyo nje ya kodoni, uliza maswali mawili: ni jeni gani iliyo karibu inayoweza kuongozwa na kipande hicho, na ni katika tishu gani? Swali la pili si la ziada. Jeni iitwayo ACKR1 hutengeneza kipokezi ambacho kimelea cha malaria aina ya vivax hukitumia kuingilia seli nyekundu. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wana herufi moja, C iliyokuwa T, katika promota ya jeni hiyo, yaani eneo la mwanzo linaloiwasha, pale ambapo protini ya GATA-1 hushika ili kuiamsha jeni kwenye seli nyekundu. Kipokezi kimetoweka kwenye seli nyekundu, ila tishu nyingine, ambazo hazimtegemei GATA-1, zinaendelea kukitengeneza. Mutesheni imezima jeni mahali pamoja tu.

Kipande kinapopotea au kuongezeka

Mutesheni si lazima iwe ya herufi moja. Sababu kuu ya ualbino katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kusini ni kufutika kwa herufi zipatazo 2,700 katika jeni ya OCA2, kwenye kromosomu ya 15. Kipande kizima cha maelekezo kimeondoka, protini inayohitajika katika vifuko vya kutengenezea rangi haifanyi kazi, na melanini inakuwa kidogo sana katika ngozi, nywele na macho. Hapa swali la asidi gani imegeuka kuwa gani halina maana. Swali ni kazi gani imekosa mfanyakazi.

Kinyume chake hutokea pia. Mbu aina ya Anopheles gambiae wa Afrika Mashariki wamepatikana na nakala za ziada za jeni ya Cyp6aa1, inayotengeneza kimeng'enya kinachovunja sumu. Nakala zikiongezeka, kimeng'enya nacho huongezeka, na dawa iliyowekwa kwenye chandarua huvunjwavunjwa kabla haijamfika mbu mahali pa kumdhuru.

Hesabu nakala, kisha taja sifa unayoizungumzia

Binadamu ana nakala mbili za jeni nyingi, hivyo swali linalofuata ni kama nakala moja iliyobadilika inatosha. Kwa laktasi inatosha: nakala moja ikiendelea kusomwa, kimeng'enya kinatosheleza. Kwa ualbino wa OCA2 haitoshi, kwa sababu nakala moja nzima hutengeneza rangi ya kutosha, na ndiyo maana wazazi wawili wenye rangi ya kawaida wanaweza kumpata mtoto mwenye ualbino bila ya kuwepo jambo lolote la siri katika ndoa yao. Uwezekano ni robo kwa kila mimba, si mtoto mmoja kwa kila wanne wanaozaliwa. Wazazi wengi hulielewa vibaya jambo hili, wakadhani kwamba watoto watatu wa kwanza wakiwa wazima basi wa nne ndiye wa kuathirika.

Selimundu inadai uangalifu zaidi. Tuiite nakala yenye mutesheni ya selimundu S, na ya kawaida A. Mwenye nakala mbili za S anaugua. Mwenye S moja na A moja hutengeneza hemoglobini za aina zote mbili, nyuzi haziundiki kirahisi, na kwa kawaida anaishi bila dalili. Ukizungumzia ugonjwa, basi, S ni fiche: nakala moja haitoshi kuuleta. Ukizungumzia kinga dhidi ya malaria kali, nakala moja inatosha kuileta, kwa hiyo S ni kuu. Ukizungumzia kipimo cha maabara kinachotenganisha hemoglobini, aina zote mbili zinaonekana kwa pamoja. Kwa hiyo anayeuliza kama aleli (toleo la jeni) ya S ni kuu au fiche, bila kutaja sifa, ameuliza swali lisilojibika.

Tazama mahali anapoishi mwenye mutesheni

Mwaka 1949 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, aliona kwamba idadi ya watu wenye S moja ilizidi asilimia 20 pwani na karibu na Ziwa Victoria, na haikufika asilimia 1 katika nyanda za juu zilizo kati. Ramani hiyo ilifanana na ramani ya malaria, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wenye S moja hulindwa dhidi ya malaria ya falciparum. Utafiti wa baadaye uliofanyika Kilifi ulionyesha kwamba kinga dhidi ya malaria kali hufikia takriban asilimia 90. Herufi ileile, akiwa nayo mtoto wa Kilifi, imeokoa uhai. Akiwa nayo mtu anayeishi maisha yake yote mahali pasipo na malaria, haimfaidii kitu.

Jihadhari hapa na kosa la kufikiri kwamba malaria ndiyo iliyoizalisha mutesheni. Mutesheni hutokea bila kujali haja. Malaria iliwaua zaidi wasiokuwa nayo, nayo ikaongezeka kizazi baada ya kizazi. Mbu wameonyesha jambo hilohilo kwa kasi tunayoweza kuishuhudia. Katika protini ya mishipa ya fahamu inayoshambuliwa na dawa za kuua wadudu za pairethroidi na DDT, kodoni ya 1014 ya kawaida ni TTA, yaani lusini. Katika mbu wa Kenya, mwaka 2000, iliripotiwa TCA, ambayo ni serini. Afrika Magharibi ilikuwa imeshajulikana TTT, ambayo ni fenilalanini. Vyote viwili huipunguzia dawa nguvu. Dawa haikuwafundisha mbu kubadilika, iliwaondoa tu wale ambao hawakuwa na badiliko.

Dai ushahidi kwamba mutesheni ndiyo chanzo

Kukuta mutesheni kwa mtu mwenye sifa fulani hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoileta; huenda ni jirani tu wa mutesheni yenye kazi. Kwa hiyo, kabla ya kukubali dai, tafuta mambo matatu. La kwanza ni sifa kupimwa, si kukisiwa: katika utafiti ule wa laktasi, watu walinyweshwa laktosi iliyoyeyushwa katika maji na sukari ya damu yao ikapimwa mara kwa mara ndani ya saa moja, kwa sababu kupanda kwa sukari ndiko kunakoonyesha kwamba laktosi imevunjwa. La pili ni kuhamisha badiliko lenyewe: kipande chenye C ya -14010 kiliingizwa kwenye seli za maabara, na kikaonekana kuisukuma jeni zaidi kuliko kipande cha kawaida.

La tatu, na lililo gumu kuliko yote, ni kubadilisha herufi ndani ya mwili na kuona sifa ikigeuka. Kwa selimundu hili limekwisha kufanyika, tena kwa njia ya mzunguko. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ambayo haigusi kabisa ile T ya HBB. Seli za uboho hutolewa, na kwa CRISPR, zana ya kukatia DNA mahali palipochaguliwa, hukatwa kipande kinachoiongoza jeni ya BCL11A katika ukoo wa seli nyekundu. BCL11A ndiyo inayonyamazisha hemoglobini ya mtoto aliye tumboni. Ikidhoofishwa, hemoglobini hiyo hurudi na kuzizuia nyuzi zisiundike. Watafiti wengine wanaijaribu njia ya kugeuza GTG kuwa GCG, yaani kuihamisha hemoglobini ya mgonjwa kutoka S hadi aina ya Makassar uliyoiandika kwenye karatasi yako. Ukiulizwa na mgonjwa kuhusu tiba hizi, mweleze jambo moja ambalo matangazo hayalitaji sana: kinachobadilishwa ni seli za uboho peke yake, si mayai wala mbegu za uzazi, kwa hiyo aliyepona maumivu bado atampa kila mtoto wake nakala moja ya S, na mwenzi wake anapaswa kupima kabla hawajaamua kuzaa.